Jiwe Chini ya Anga Lingine

Mgongoni mwa Perseverance, gari la utafiti lililotua katika kreta ya Jezero, sayari ya Mirihi, tarehe 18 Februari 2021, kuna kisahani ambacho kiganja cha mtu mzima kingetosha kukifunika. Katikati yake kimesimama kijiti kifupi. Kijiti kimezungukwa na pete zinazotoka weusi kwenda weupe, na nje ya pete hizo vimepangwa viduara vinane: vinne vya rangi, yaani nyekundu, kijani, samawati na manjano, na vingine vinne vinavyopanda tena kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kilitengenezwa Copenhagen, katika Taasisi ya Niels Bohr. Hakichimbi, hakipimi joto, hakinusi hewa. Kazi yake ni kupigwa picha.

Watu wa kisahani hiki nawastahi kuliko waliotengeneza magurudumu. Gurudumu likipasuka, kila mtu ataona. Rangi ikikosewa, picha itabaki nzuri vilevile, itachapishwa magazetini, itabandikwa ukutani darasani, na mtoto atakua akiamini anga la Mirihi ni hivi au vile. Kazi ambayo kosa lake halionekani inahitaji mtu wa tabia fulani, mwenye kulishuku jicho lake mwenyewe kila siku bila kuchoka.

Rangi inayofika kwenye picha ni kazi ya watatu: jiwe, nuru na kamera. Tunayemtaka ni jiwe peke yake. Kamera si tatizo kubwa, maana ilipimwa maabara kabla ya kuondoka na tabia zake zimeandikwa. Nuru ndiyo inayosumbua. Kule jua liko mbali zaidi, hata mwanga wake haufiki nusu ya huu wetu, na kabla ya kugusa ardhi unapita kwenye vumbi laini mno lenye oksidi za chuma, ambalo halikosekani hewani. Vumbi hilo humeza samawati na kuacha wekundu na manjano vipite. Siku ya vumbi jingi nuru ni nyingine, asubuhi ni nyingine, jioni ni nyingine kabisa.

Akina mama wanaonunua vitenge Birere, hapa Goma, wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Kitenge kikifunuliwa ndani ya duka, chini ya taa ya umeme, mnunuzi hakikubali wala hakikatai. Anakibeba hadi mlangoni. Muuzaji mwenye haki humwambia mwenyewe: mama, toka nayo inje uione. Jua la mlangoni ndilo hakimu, kwa sababu ni chini ya jua hilo kitavaliwa. Mirihi haina mlango wa kutokea. Jiwe haliwezi kubebwa hadi kwenye jua letu likaangaliwe. Basi watu wa kisahani wakafanya kinyume: kitenge ambacho kila rangi yake inajulikana wakakibeba kutoka nyumbani, wakaenda kukifunua kule.

Kila kiduara kilipimwa kabla ya safari: kinarudisha nuru kiasi gani, rangi kwa rangi, kikitazamwa kwa pembe hii na ile. Picha ya kisahani inapofika duniani, mtaalamu anajua kiduara cheupe kilipaswa kurudisha nini, na anaona kilichorudishwa. Tofauti ya hayo mawili ni nuru ya pale, saa ile. Akishaipata, anaiondoa kwenye picha ya jiwe lililopigwa karibu na wakati huohuo. Ukisema hivyo inaonekana ni hesabu ya mtoto wa shule, na kwa karatasi ni hivyo. Shida ni kwamba hata namba zenyewe hazifiki kama zilivyozaliwa. Ili zisijaze njia nyembamba ya mawasiliano, kamera huzibana kwa kutumia kipeuo cha pili. Asiyezifungua kwanza atapata vivuli vilivyopauka na rangi zisizo na uzito, kisha ailaumu sayari.

Kinachonipendeza zaidi ni kile kijiti. Kazi yake ni kutupa kivuli juu ya pete. Sehemu ya pete iliyo juani inapata nuru mbili, ya jua lenyewe na ya anga lote lililotanda juu. Sehemu iliyo kivulini inapata ya anga tu. Toa ya pili kwenye ya kwanza, na umeitenga nuru ya jua na nuru ya anga kwa kutumia fimbo. Hapa Goma, piga picha ya shati jeupe lililoanikwa saa sita ya mchana, nusu juani, nusu kivulini: upande wa kivuli utaelekea usamawati, kwa kuwa unaangazwa na anga letu la samawati. Kwenye pete ya Mirihi kivuli huelekea rangi ya udongo. Si jambo dogo. Mwamba mmoja, uso wake mmoja ukitazama jua na wa pili ukiwa kivulini, hutoka na rangi mbili pichani, na mtu asiyepima kivuli atatangaza kwamba kuna aina mbili za mwamba mahali penye aina moja.

Spirit na Opportunity, magari mawili yaliyotua Januari 2004, yalikuwa nacho kijiti cha namna hii. Bill Nye, yule anayejulikana Marekani kwa kufundisha sayansi kwenye televisheni, alipendekeza kigeuzwe kuwa saa ya jua, na pembeni yakaandikwa maneno yenye maana ya dunia mbili, jua moja. Maneno mazuri. Lakini Jim Bell, aliyeongoza kamera zile na ambaye leo anaongoza kamera za mlingoti wa Perseverance, alitumia miaka akishughulika na nusu ya pili ya habari hiyo, kwamba jua ni moja na nuru si moja.

Waliofundishwa somo hili kwa aibu ni watu wa Viking 1. Chombo hicho kilitua tarehe 20 Julai 1976. Kesho yake ikatolewa picha ya kwanza ya rangi, haraka haraka, kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikisubiri, na anga lake lilikuwa la samawati. Vipimo vilipopitiwa upya, anga likatoka la waridi linaloelekea uchungwa. James Pollack wa kikundi cha Viking alipowatangazia waandishi wa habari, walimzomea. Carl Sagan, aliyekuwa kwenye kikundi hicho, alikisimulia kisa hiki baadaye na kuona ndani yake hamu ya watu kutaka Mirihi ifanane na nyumbani. Mimi nadhani kuna na jingine: jicho la mwanadamu likipewa picha yenye mashaka hulainisha mashaka hayo kwa kile lilichozoea, na wale waliokaa mbele ya skrini usiku ule walikuwa wamezoea anga la California.

Kosa lilikuwa na mzizi wa kiufundi pia. Vihisi vya kamera ya Viking vilivyopaswa kuona samawati, kijani na nyekundu tu viliruhusu mionzi ya infraredi kupenya, na vitu vingi vinarudisha infraredi kwa wingi usiolingana na rangi tunayoiona. Jambo hili unaweza kulishika mwenyewe leo. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona nukta ya zambarau ikimweka pale ambapo jicho halioni kitu. Kwa sababu hiyohiyo makala yaliyoiva kwenye mbabula, yakipigwa picha kwa simu ya bei nafuu, mara nyingine hutoka na uzambarau ambao hakuna mpishi aliyewahi kuuona.

Mwaka 2004 infraredi ilirudi kwa mlango mwingine. Kamera za Spirit na Opportunity zilikuwa na gurudumu la machujio. Kila picha ilipigwa kwa rangi moja, kisha tatu zikaunganishwa. Wanajiolojia walipenda kutumia chujio la nanomita 753 mahali pa nyekundu, kwa kuwa linawapa habari nyingi kuhusu madini. Lakini nanomita 753 iko nje ya kile ambacho macho yetu yanakiona vizuri, na rangi ya samawati iliyopakwa kwenye pembe ya kisahani inarudisha infraredi kwa nguvu. Matokeo yake, samawati ikatoka waridi. Watu waliona, wakalinganisha na picha za kisahani kilekile zilizopigwa duniani, na uvumi ukaenea kwamba rangi zinachezewa makusudi ili kuficha kitu. Jibu halikuwa siri yoyote: ukitaka rangi ya jicho, tumia chujio la 601 kwa nyekundu, la 535 kwa kijani na la 482 kwa samawati, kisha fanya hesabu ya kuzisogeza hadi pale jicho lilipo. Na bado naona wale waliouliza walifanya vizuri kuuliza. Kisahani kiliwekwa pale kiwe shahidi, na shahidi huhojiwa.

Curiosity, iliyotua Agosti 2012, na Perseverance baada yake, zimerahisisha sehemu hiyo. Kamera zao za mlingoti zina mpangilio uleule uliomo ndani ya simu zetu, vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na samawati vilivyotandazwa juu ya kihisi, kijani kikiwa mara mbili ya wenzake. Mpangilio huo unaitwa kwa jina la Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ilitolewa Marekani tarehe 20 Julai 1976, siku ileile Viking 1 ilipotua. Kama ni msimulizi aliyebuni sadfa hiyo, ningemwambia amezidisha.

Mtu wa Goma ana sababu yake ya kuyafuatilia haya. Mji wetu umejengwa juu ya lava na kwa lava. Lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi ziwani leo imo kwenye misingi, kwenye nyuzio, kwenye kokoto za barabara. Ukilivunja jiwe lake kwa nyundo, ndani ni kijivu cha giza. Mwezi Februari 2004, kwenye kreta ya Gusev, Spirit ilisaga uso wa jiwe lililopewa jina Adirondack. Juu lilikuwa na vumbi la Mirihi. Chini ya vumbi, ndani ya kiduara kilichosagwa, kikatokea kijivu cha giza cha basalti. Miaka 9 baadaye, Februari 2013, Curiosity ilitoboa mwamba uliopewa jina John Klein. Huo ni mwamba wa tope la kale, si lava, na unga uliotoka shimoni ulikuwa wa kijivu. Sayari nyekundu ni nyekundu usoni. Unene wa wekundu wenyewe mara nyingi ni mdogo kuliko wa rangi iliyopakwa kwenye mlango wa nyumba.

Sisemi kwamba Adirondack na jiwe la Nyiragongo ni ndugu wa baba mmoja. Lava yetu ina silika kidogo mno na imejaa sodiamu na potasiamu, ndiyo maana hutiririka kwa kasi inayotisha. Ile ya Gusev ni basalti yenye olivini. Lakini chuma kilichomo ni kilekile. Kikiwa kimefungwa ndani ya madini ya mwamba, kinalipa jiwe weusi. Kikikutana na oksijeni, kinakuwa kutu. Kwenye vilima vya volkano vya Virunga utaokota mawe mepesi yenye matundu, mengine meusi, mengine ya damu ya mzee, nayo yametoka tumbo moja. Yale ya damu ya mzee yalipata hewa yakiwa bado ya moto. Mtu aliyekulia kati ya mawe hayo hatashangaa akiambiwa kwamba sayari nzima inaweza kuwa nyeusi ndani na nyekundu nje.

Na rangi ina saa yake pia. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava ya kaboneti ambayo joto lake ni karibu nusu tu ya lile la lava za kawaida, hivyo mchana inaonekana nyeusi au hudhurungi badala ya kuwaka. Baada ya muda mfupi wa kukutana na unyevu, hugeuka nyeupe. Picha mbili za mtiririko mmoja, zote zimepimwa vizuri, zote za kweli, na hazifanani hata kidogo.

Hapo ndipo inapoanza hukumu yenyewe, ile ambayo kisahani hakiwezi kuitoa. Nuru ikishajulikana, unaifanya nini? Unaweza kuiacha kwenye picha, na mtazamaji akaona kile ambacho angekiona akisimama pale. Unaweza kuiondoa na kuweka ya kwetu, na jiwe likaonekana kama lingeonekana mezani duniani. Watu wa Curiosity wamekuwa wakitoa picha kwa namna zote mbili. Wanajiolojia wanaipenda ya pili kwa sababu isiyo na ubishi: wamejifunza kutambua miamba chini ya jua hili, na macho yao yanafanya kazi vizuri zaidi wakipewa nuru waliyoizoea. Katika picha za namna hiyo anga la Mirihi hugeuka usamawati mwepesi, na mtu aliyezipokea bila maelezo hujikuta amerudi kwenye kosa la Julai 1976.

Zuhura ina kisa kinachofanana. Venera 13 ilitua huko tarehe 1 Machi 1982, ikadumu dakika 127 ndani ya joto linaloyeyusha risasi, na ikatuma picha zenye mawe ya rangi ya chungwa. Nayo ilikuwa imebeba kipande chake cha rangi zinazojulikana. Carle Pieters na wenzake walipoitoa ile nuru iliyochujwa na mawingu mazito, mawe yakabaki ya kijivu. Mawe ya Zuhura ni ya chungwa au ya kijivu? Kwa aliyesimama pale, chungwa. Kwa anayetaka kujua ni mwamba gani, kijivu.

Mimi, nikiulizwa, nasimama upande wa kuiacha nuru mahali pake, angalau kwa picha zinazokwenda magazetini na shuleni. Kabla ya Mei 2021 ziwa la lava la Nyiragongo lilikuwa likiyatia wekundu mawingu ya usiku juu ya mji, na kila aliyelala Goma aliujua wekundu ule. Simu inayojirekebisha yenyewe ilielekea kuupunguza, kwa kuwa imefundishwa kutafuta nyeupe kila mahali. Picha iliyotoka ilikuwa safi na haikuwa ya Goma. Mawingu yenyewe ni meupe, hilo sikatai. Lakini usiku ule hayakuwa meupe, na aliyepiga picha alitoka nje kwa sababu ya wekundu.

Wapo watakaonijibu kwamba hata huyo mtu wa kusimama pale ana matatizo yake. Jicho huzoea. Mgeni atakayevua miwani yake Mirihi, tuseme inawezekana, baada ya muda ataiona karatasi nyeupe kuwa karibu nyeupe, kama tunavyoiona kuwa nyeupe jioni chini ya taa ya mafuta. Kwa hiyo hata jibu la kwanza ni mawili: rangi ya dakika ya kwanza na rangi ya saa ya pili. Justin Maki na wenzake waliliepa tatizo hilo kwa njia ninayoiheshimu. Katika utafiti uliochapishwa 1999 walichukua vipimo vya Viking na vya Pathfinder, iliyotua Julai 1997, wakavitafsiri kwa namba za rangi bila kumtegemea mtu yeyote atazame skrini. Ardhi na anga vyote vikatoka katika ukoo wa manjano iliyoingia hudhurungi. Wekundu wa vitabu vya shule haumo.

Anayewafuatilia wapimaji hawa wa rangi kwa miaka hatimaye hugundua kwamba adui wao mkubwa ni vumbi. Kisahani nacho huangukiwa na vumbi. Wiki chache baada ya kutua, kiduara cheupe kimeshakuwa na utando mwekundu, na shahidi ameanza kusema maneno ya wenyeji. Kjartan Kinch wa Copenhagen alitumia miaka kuhesabu utando huo kwenye visahani vya Spirit na Opportunity: ni mnene kiasi gani, unameza nini, unarudisha nini, ili uweze kuondolewa kwa hesabu pale usipoweza kupanguswa kwa kitambaa. Magari yaliyofuata yakapewa sumaku. Vumbi la Mirihi huvutwa na sumaku, basi chini ya kila kiduara ikafichwa pete ya sumaku. Vumbi linaangukia kwenye pete na kujikusanya, na katikati ya kiduara panabaki pasafi kuliko pengine. Ukiitazama picha ya kisahani cha Perseverance utaziona pete hizo za udongo, na ndani ya kila moja jicho dogo la rangi ambalo bado linaaminika. Huko ndiko wanakopima.

Picha ghafi za Perseverance zinawekwa wazi kwenye intaneti, na kijana wa Himbi au Majengo, hapa Goma, mwenye kompyuta na subira anaweza kuzishughulikia kama wataalamu wenyewe. Asianze na jiwe. Aanze na kisahani cha siku ileile, apime katikati ya kiduara cheupe na si kwenye pete ya vumbi, aangalie kivuli cha kijiti kimelala upande gani, ndipo aende kwenye jiwe. Akimaliza, aandike chini ya picha nuru aliyoiacha na nuru aliyoiondoa, na kama kati ya picha ya kisahani na ya jiwe zimepita saa mbili, aandike na hilo.